Kiongozi anayewafunga watu kwa dini huku wanawe wako ughaibuni: tumpime kwa kipimo gani?

Mkaazi wa Wete (mleta mada)

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu wa Unguja, wa Pemba na mlioko nje.

Naleta suala ambalo barazani kwetu Wete tumelizungumza mara nyingi baada ya sala ya Isha, na kila mara tunaachana kila mtu na lake. Mwezi wa Oktoba 2025 ilisambaa katika simu video ya harusi ya binti wa Ali Shamkhani, ambaye kuanzia 2013 hadi 2023 alikuwa Katibu wa Baraza Kuu la Usalama wa Taifa la Iran. Harusi ilifanyika 2024 katika hoteli ya Espinas Palace, Tehran. Baba anaonekana akimuingiza bibi harusi ukumbini, na bibi harusi amevaa gauni lililoacha mabega na kifua wazi. Waliomtetea walisema kuwa ule ulikuwa mkusanyiko wa wanawake na kwamba kuivujisha video ni kuingilia mambo ya ndani ya watu. Wengine wakakumbusha kwamba katika nchi hiyo hiyo, tarehe 16 Septemba 2022, alifariki Mahsa Amini, msichana wa miaka 22, baada ya kukamatwa na polisi wa maadili kwa namna alivyovaa hijabu yake, na kwamba watu wengi waliotoka mabarabarani baada ya kifo chake waliuawa na vyombo vya dola ambavyo wakuu wa usalama ndio waliokuwa na kauli juu yavyo.

Video hiyo ilipofika barazani, mzee wetu mmoja aliyewahi kuwa imamu aliipokea simu, akaifunika kwa kiganja cha mkono kabla haijaanza kucheza, akamrejeshea mwenyewe. Alisema kwamba huyo ni binti wa watu na hakutualika sisi harusini kwake; kama tuna la kusema juu ya baba yake, basi tuseme juu ya baba yake. Vijana hawakuridhika. Wao waliona kwamba baba na binti hapo hawatenganishiki, kwa kuwa sheria iliyowabana mabinti wa wengine ndiyo iliyomwacha yule.

Kutoka hapo mazungumzo yakahamia kwa watoto wa viongozi wa namna hiyo wanaoishi Ulaya, Marekani, Canada, Uturuki na nchi za Ghuba, wakisoma katika vyuo ambavyo baba zao wanavielezea kwenye mimbari kuwa ni mapango ya ufisadi. Masoumeh Ebtekar, aliyekuwa msemaji wa wanafunzi walioliteka jengo la Ubalozi wa Marekani mjini Tehran mwaka 1979, ambako Wamarekani 52 walishikiliwa kwa siku 444, imeandikwa sana kwamba mwanawe alikwenda kusoma na kuishi California. Mimi sina ugomvi na kijana huyo. Nataka kujua kama nina haki ya kuwa na ugomvi na mzazi.

Suala hili linatugusa sisi kuliko tunavyodhani, maana ni nyumba chache hapa Wete zisizokuwa na mtu wao nje, na ni viongozi wachache katika visiwa hivi wasiofungua hotuba kwa aya. Kwa hivyo nauliza: kiongozi anayetumia dini kuwaongoza watu, na watoto wake au mkewe wanaishi nje maisha yaliyo kinyume na yale anayoyaamrisha nyumbani, je, hilo ni hoja dhidi ya uongozi wake, au ni jambo la nyumba yake tusilopaswa kulichungulia? Na kama ni hoja, mpaka wake uko wapi?

Maalim wa Chake

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Mzee wenu huyo aliyeifunika simu kwa kiganja ameshakujibuni nusu ya suala, na namuombea kheri.

Mimi nasomesha chuo cha Qurani na nimeona mengi katika nyumba za watu wema. Nabii Nuhu alimlingania mwanawe mpaka maji yakawa yanapanda, na mtoto akakataa. Nabii Lut mkewe alibaki na waliobaki. Qurani inatwambia kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwengine, na haikumtoa humo baba wala mtoto wala mtu mwenye cheo. Leo tukisema kwamba uongozi wa mtu unavunjika kwa sababu binti yake aliyeko Toronto amevua mtandio, tutakuwa tumemtaka kiongozi awe na uwezo ambao mitume hawakupewa. Halafu tutakuwa tumeufungua mlango ambao hautafungika, kwa kuwa kila mwenye husuda atamtuma mtu akapige picha. Tumekatazwa kupelelezana na kusengenyana katika aya moja, na makatazo hayo hayakubagua kati ya raia na mwenye cheo.

Angalieni pia yaliyomfika Mohammad Javad Zarif, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Iran. Mwaka 2022 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayomzuia mtu kushika nyadhifa nyeti ikiwa mke, mume au mtoto wake ana uraia wa nchi nyengine. Zarif alipoteuliwa kuwa Makamu wa Rais mwaka 2024, wapinzani wake wakamshika kwa sheria hiyo, kwa sababu watoto wake walizaliwa Marekani zamani alipokuwa huko, na anayezaliwa Marekani huwa raia bila ya kuomba. Alijiuzulu Agosti 2024, akarejea, na Machi 2025 akaondoka tena. Watu walishangiria kuwa unafiki umepatiwa dawa. Kwa maoni yangu iliyoadhibiwa pale ni hospitali aliyozaliwa mtoto, na nia ya mtu haikuguswa hata kidogo.

Kwa hivyo nasema, mpimeni kiongozi kwa uadilifu wake, kwa hukumu zake na kwa mikono yake. Familia yake iacheni na Mola wao.

Mtu wa Mkunazini

Maalim wangu, nakuheshimu na mengi uliyoyasema nayakubali, hasa lile la Zarif. Lakini naona mfano wa Nabii Nuhu unathibitisha kinyume cha ulichokusudia, na naomba univumilie nikieleza kwa urefu.

Nabii Nuhu aliunda jahazi moja. Aliwaita watu wote kulipanda, na mwanawe akamwita kwa wito ule ule, kwa sharti lile lile. Mtoto alipokataa alizama na waliozama, na baba alipomuombea kwa Mola wake alikatazwa. Hakumkodishia mwanawe chombo cha pili cha kumtoa kwa siri upande mwengine huku akiwahubiria wengine kwamba hakuna pa kukimbilia. Viongozi tunaowazungumza hapa ndicho walichokifanya. Mtoto hakuwaasi akatoroka. Wamemlipia ada, wamemtafutia viza, wamemfungulia akaunti, na wakati mwengine wamempa kampuni. Hapo hatuzungumzii tena mtoto aliyeshindikana.

Tuuchukue mfano mmoja ulio wazi. Mohammad Bagher Ghalibaf ni Spika wa Bunge la Iran tangu 2020. Katika kampeni ya urais ya 2017 alikuwa miongoni mwa waliomshambulia waziri wa elimu wa serikali ya Rais Rouhani kwa sababu ya nguo ambazo binti wa waziri huyo alidaiwa kuziingiza kutoka Italia. Yeye ndiye aliyeona kwamba biashara ya binti ni hoja dhidi ya baba. Aprili 2022 mkewe, binti yake na mkwewe walionekana wakirejea kutoka Uturuki na mizigo mingi, ikaelezwa kuwa ni vifaa vya mtoto aliyekuwa anatarajiwa kuzaliwa, na wakati huo bei za vyakula Iran zilikuwa zimewaelemea watu na viongozi wakiwahimiza wanunue bidhaa za nyumbani. Septemba 2023 Bunge analoliongoza likapitisha mswada wa hijabu wenye adhabu za faini nzito na kifungo kinachoweza kufika miaka 10. Sheria hiyo ilisimamishwa Disemba 2024 kabla ya kuanza kutumika. Mimi sitaki kujua binti wa Spika alivaa nini Istanbul. Linalonihusu ni kwamba mtu huyu alikiweka kipimo yeye mwenyewe, akawapimia wenzake, na kilipofika kwake akataka kisitumike.

Afghanistan ndiko ambako jambo hili limefika mahali pa kuumiza kabisa. Wataliban walipochukua nchi Agosti 2021 waliwafungulia skuli za sekondari wavulana peke yao. Machi 2022 wasichana waliambiwa warudi madarasani, wakaenda na mabegi yao, na siku ile ile wakarejeshwa majumbani. Disemba 2022 wakafungiwa na vyuo vikuu. UNESCO ilieleza Agosti 2024 kwamba wasichana wasiopungua milioni 1.4 wamenyimwa elimu ya sekondari kwa makusudi. Katika wakati huo huo Suhail Shaheen, mwakilishi wao aliyeko Doha, aliulizwa katika mahojiano ya televisheni ya Uingereza mwaka 2022 kama mabinti zake wanasoma, naye akajibu kuwa ndiyo, wanasoma, na wanashika hijabu. Nilipolisikia jibu hilo niliumia zaidi kuliko kama angalikanusha. Mtu huyu anajua kwa macho yake, ndani ya nyumba yake, kwamba msichana anaweza kusoma na kubaki na stara yake. Kila asubuhi binti yake akitoka kwenda skuli Doha anakuwa shahidi kwamba ile marufuku ya Kabul haina haja kwa dini wanayoitaja. Na bado baba anaitetea marufuku hiyo mbele ya dunia.

Haki itendeke pia: wapo ndani yao waliosema. Sher Mohammad Abbas Stanikzai, aliyekuwa wakati huo Naibu Waziri wao wa Mambo ya Nje, alisimama Januari 2025 katika mkoa wa Khost akasema kuwa hakuna udhuru wa kuwazuia wasichana kusoma. Baada ya hapo aliondoka nchini. Mimi namuhesabia alilolisema.

Sasa nirudi katika Uislamu wenyewe, kwa kuwa Maalim ametuonesha njia hiyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kwamba lau Fatima binti Muhammad angaliiba, angalimkata mkono. Aliyasema hayo pale watu walipotaka kumuombea mwanamke wa ukoo mkubwa asitekelezewe hukumu, na akaeleza kuwa waliokuja kabla yetu waliangamia kwa kumuachia mtukufu na kumuadhibu mnyonge. Sayyidna Umar naye aliingia sokoni akawaona ngamia walionenepa kuliko wengine, akauliza ni wa nani. Akaambiwa ni wa mwanawe Abdullah. Abdullah akaeleza kwamba aliwanunua kwa fedha yake na akawapeleka malishoni pamoja na ngamia wa watu wengine. Umar alimwambia kwamba watu huko malishoni wangekuwa wanasema, wapisheni ngamia wa mtoto wa Amirul Muuminin, wanywesheni ngamia wa mtoto wa Amirul Muuminin. Akamuamuru achukue mtaji wake na faida yote aipeleke Baitul Mal, hazina ya umma. Abdullah hakuwa mwizi wala mwasi, alikuwa katika wacha Mungu wa zama zake. Lakini baba aliliona jina lake likimfanyia mtoto kazi, akalikata.

Kwa hivyo, ndugu wa Wete, mpaka unaoutafuta mimi nauona hapo. Baba anayenasihi, na mtoto akaenda zake, hana la kuulizwa. Baba anayelazimisha watoto wa watu kwa polisi, kwa mahakama na kwa bakora, kisha akatumia cheo na fedha hizo hizo kumtoa wake katika sheria hiyo, huyo ana la kujibu, na la kujibu ni lake yeye, si la mtoto.

Kijana wa Michenzani

Nakubaliana na mchangiaji wa Mkunazini, ila naomba tusiufanye unafiki kuwa ni ugonjwa wa Waislamu peke yao. Mwaka 2020 József Szájer, mwanasiasa wa Hungary aliyekuwa mbunge katika Bunge la Ulaya, alijiuzulu baada ya polisi wa Brussels kuvunja mkusanyiko wa siri wa wanaume aliokuwamo, wakati wa marufuku ya korona. Chama chake kinajinadi kwa maadili ya Kikristo, na yeye alikuwa miongoni mwa walioiandika katiba ya 2011 inayoitambua ndoa kuwa ni ya mwanamme na mwanamke tu. Waliomchagua walimjua kwa sura moja nyumbani, na sura nyengine ikaonekana alipokuwa nje. Anayeshika dini kama fimbo ya kutawalia, iwe dini gani, anafika huko huko.

Mpemba aliyeko Uingereza

Assalaam alaykum. Nimesoma yote, na naomba niseme kama mama anayelea watoto katika huo ughaibuni unaotajwa, kwa sababu naona nyinyi mnazungumza juu yetu kama kwamba huku ni mahali ambapo imani inavuliwa uwanja wa ndege.

Kila Jumamosi tunakodi ukumbi wa skuli kwa ajili ya chuo. Watoto wanakaa juu ya mikeka iliyotoka Pemba, wanasoma Juzuu Amma, na mwalimu wao ni kijana wa Konde anayefanya kazi ya usiku katika ghala na kufika pale akiwa hajalala. Binti yangu mkubwa ameanza kusoma hapo tangu mdogo na ushungi wake kichwani. Mdogo wake ana miaka kumi na sita, na ushungi anautoa begini anapofika mlangoni mwa chuo, akitoka anaurudisha. Mimi namwambia, baba yake anamwambia, na bibi yake anampigia simu kutoka Mtambwe kumwambia. Hatumpigi na hatumfukuzi. Yupo anasali, na anaponiona nimechoka yeye ndiye anayepika. Je, mtu akimpiga picha njiani akaituma huko kwenu, itakuwa ni ushahidi juu ya baba yake?

Kwa hivyo katika hili niko pamoja na Maalim, na namshukuru mzee wa Wete kwa kiganja chake. Yule bibi harusi wa Tehran alionekana na dunia nzima siku ya furaha yake bila ya idhini yake. Wapo waliomtukana yeye, wakamsahau baba, na waliomtukana zaidi walikuwa wanaume waliodai kuwatetea wanawake wa Iran. Jambo hilo halikunipendeza hata kidogo.

Lakini mchangiaji wa Mkunazini amesema neno ambalo nataka kuliendeleza, nalo ni lile la binti wa Doha kuwa shahidi. Sisi tulioko nje tuna elimu moja ambayo viongozi hao wanayo vile vile kupitia watoto wao: tumeona kwamba dini inaweza kukaa kwa mtu bila ya polisi. Binti yangu mkubwa hajavalishwa ushungi na sheria ya nchi yoyote. Amevaa mahali ambapo kutouvaa kungelikuwa rahisi zaidi, na huuvaa akiingia katika basi ambalo wakati mwengine mtu humtolea maneno. Kiongozi ambaye mtoto wake ameishi miaka katika nchi hizi anaujua ukweli huu. Akirudi nyumbani akasimama mimbarini kusema kwamba bila ya marungu wasichana wote watapotea, basi anasema asilolijua kuwa ni kweli, na pengine anasema analojua kuwa si kweli. Kwangu unafiki uko hapo kuliko katika gauni.

Na kuna jambo moja dogo. Sisi wengi tulikuja huku baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001 huko visiwani, wengine wakipitia Shimoni, Kenya, wakiwa hawana kitu. Hatukutumwa na baba mwenye cheo. Tunaposikia neno watoto wa ughaibuni likitumika kama tusi la jumla, linatukuta na sisi, na si haki.

Mwalimu mstaafu, Mkoani

Dada yangu, umesema kweli na pole kwa maneno hayo ya kwenye basi. Mimi nataka tuliingize suala hili ndani ya visiwa vyetu, maana Tehran na Kabul ni rahisi kuzisema.

Nilisomesha skuli za serikali mpaka nikastaafu. Skuli yetu ilikuwa na mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na katika darasa langu dawati la watu wawili walikaa wanne, wa pembeni akiandikia pajani. Siku moja alikuja kiongozi katika hafla ya kutoa zawadi. Mzazi mmoja mwanamke alisimama akauliza ni lini watoto watapata nafasi ya kukaa. Kiongozi akamjibu kwa aya za subira, akazisoma vizuri sana kwa tajwidi, na akatuhadharisha wazazi tusiwe na tamaa ya kuwapeleka watoto katika skuli za kigeni zinazowaharibu. Sote pale tulijua kwamba watoto wake mwenyewe walikuwa wakisoma bweni nje ya nchi. Yule mama alikaa chini, na hakuuliza tena. Hapakuwa na polisi wala bakora, lakini aya ilitumika kumnyamazisha mtu aliyekuwa na haki ya kujibiwa. Kwa hivyo ningependa mpaka aliouweka mchangiaji wa Mkunazini usogezwe kidogo: si sheria tu inayolazimisha, na mimbari nayo inalazimisha.

Sheria nazo hazianguki sawa juu ya watu. Machi 2024, katika mwezi wa Ramadhani, polisi wa Zanzibar waliwakamata watu 12 kwa kula hadharani mchana. Mimi naiheshimu Ramadhani na nachukia kuona inavunjiwa heshima barabarani. Lakini anayekamatwa akila hadharani mara nyingi ni yule asiyekuwa na kuta za kujifichia, na mwenye uwezo wa kuupitisha mwezi huo nje ya nchi hakutani na askari yeyote. Anayetunga sheria ya namna hii na aliangalie hilo kabla ya kuisaini.

Tusisahau pia kwamba nchi hii iliwahi kulijibu suala la familia za viongozi. Azimio la Arusha la 1967 lilipomkataza kiongozi kuwa na hisa, kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba, lilieleza kwamba kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mkewe au mumewe. Waliolitunga walijua mali inapohamia. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana hapa hapa Zanzibar ikayalegeza masharti hayo. Sasa tuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 2015 na Tume yake, na viongozi wanatakiwa kutangaza mali na madeni yao. Kwangu huo ndio mlango wa kuingilia, kuliko video za harusi. Ada ya skuli ya bweni nje inazidi mshahara wa mwalimu wa mwaka mzima. Nani anailipa?

Maalim wa Chake

Mwalimu mwenzangu wa Mkoani, kwa suala lako la mwisho nakuunga mkono bila ya kusita, na wala halipingani na nililolisema mwanzo. Nilisema mpimeni kwa mikono yake, na fedha zinapita mikononi. Mfano wa ngamia wa Abdullah nimeukubali, na nakiri umewekwa mahali pake.

Ninalolishikilia ni sharti moja. Fomu ya Tume imuulize kiongozi mtoto wake anasoma wapi, nani anamlipia, ana hisa gani na ana akaunti wapi. Isiulize anavaa nini, anasali wapi, wala ameolewa na nani. Mkiyachanganya hayo mawili, kesho tutakuwa na polisi wa maadili wa kuwafuata watoto wa viongozi London na Muscat, na tutakuwa tumelijenga lile lile tunalolilaumu Tehran. Na kwa lile la mama aliyenyamazishwa kwa aya za subira, nitalisema katika darsa yangu ya Alkhamisi bila ya kumtaja mtu, kwa sababu subira haikuamrishwa iwe ni jibu la mwenye dhamana kwa anayemdai dhamana hiyo.

Mkaazi wa Wete (mleta mada)

Nakushukuruni nyote, na dada yangu wa Uingereza zaidi, kwa kuwa barazani kwetu hapakuwa na mwanamke wa kutueleza hayo.

Nimeyasoma majibu yenu mbele ya wenzangu. Vijana wamekubali kwamba video haikuwa ushahidi uliohitajika, ingawa mmoja wao amesisitiza kuwa bila ya video kuvuja hakuna mtu ambaye angelizungumza, na sikuwa na la kumjibu. Mzee wetu amelipenda sharti la Maalim. Ameuliza jambo ambalo mimi sikulifikiria, nalo ni kwamba mtoto aliyeko nje akishakuwa mtu mzima, mwenye kazi yake na kodi yake, baba atalazimishwaje kueleza mali ya mtu ambaye kisheria hamtegemei tena? Ngamia wa Abdullah walikuwa wa mtu mzima. Kama kuna mwanasheria humu, na atujibu hilo, kwa sababu tunakusudia kulipeleka kwa mwakilishi wetu kabla ya kikao kijacho cha Baraza la Wawakilishi, na hatutaki kumpelekea ombi lenye tundu.

Mtu wa Mkunazini

Mimi si mwanasheria, ila naona jibu liko katika hadithi yenyewe. Umar hakumuuliza Abdullah ana ngamia wangapi. Aliuliza juu ya wale waliolishwa katika malisho ya umma na kunenepa kwa jina la baba. Andikeni hivyo katika ombi lenu: atangaze kila alichokitoa yeye kumpa mwanawe aliyeko nje tangu aliposhika cheo, na kila zabuni, kibali au ajira ya serikali ambayo mtoto huyo, awe na umri wowote, ameipata katika muda huo. Mali aliyoichuma mtoto kwa jasho lake Toronto haimo.